Kuuanza Mwaka kwa Miguu



Noeli imepita, masufuria yameoshwa, na wengi wetu tumelazimika kuusogeza mkanda tundu moja. Kila Januari ukurasa huu hupokea maswali ya namna moja: nifanyeje nipunguze uzito, mbona shinikizo la damu limepanda, kwa nini nikipanda ngazi za kanisa nahema kama niliyekimbia. Mwaka huu tunapenda kuyajibu maswali hayo kwa kuanzia mbali, katika nchi ya baridi kali, maana huko watu wana desturi ambayo tunaona inatufaa hata sisi tusioijua theluji.

Desturi hiyo huitwa Matembezi ya Siku ya Kwanza. Ilianza nchini Marekani tarehe 1 Januari 1992, katika hifadhi ya Blue Hills, huko Milton, kusini ya mji wa Boston, jimbo la Massachusetts. (Tunaposema jimbo hapa tuna maana ya jimbo la serikali, si la askofu.) Watu walialikwa waje kuufungua mwaka kwa kutembea msituni pamoja na kiongozi anayezijua njia, badala ya kulala hadi mchana kwa uchovu wa mkesha. Wazo hilo likaenea kutoka jimbo hadi jimbo, na mwaka 2012 kwa mara ya kwanza majimbo yote 50 ya nchi ile yaliandaa matembezi ya namna hiyo kwa siku moja.

Msomaji asidhani kwamba hifadhi hizo ni kama Serengeti. Nyingi ni misitu, vilima, maziwa na fukwe zilizotengwa na serikali za majimbo ili wananchi wapate mahali pa kupumzikia. Blue Hills yenyewe ina zaidi ya ekari 7,000, lakini kilele chake kirefu kuliko vyote kina mita 194 tu. Mtu wa Lushoto au wa Machame atacheka akisikia kwamba huo nao unaitwa mlima. Hata hivyo, juu ya kilele hicho pana kituo cha kupima hali ya hewa ambacho kimekuwa kikifanya kazi tangu mwaka 1885, na Januari ya pale si ya kuchekwa. Mchana joto huwa nyuzi chache tu juu ya sifuri, usiku maji huganda, na siku ya kwanza ya mwaka jua huchwa kabla ya saa 10 na nusu jioni.

Sasa tujiulize: ni kitu gani kinamtoa mtu mwenye blanketi na moto wa kuota, akaenda kukanyaga theluji siku ya mapumziko? Tunaona kwamba jibu liko katika jinsi matembezi hayo yalivyopangwa. Mengi ni mafupi, maili moja au mbili tu, yaani kama kilometa 2 au 3. Wako wanaokuja na watoto, na wako wazee wanaotembelea fimbo. Siku inajulikana, saa inajulikana, na mahali pa kukutania panajulikana. Kiongozi yupo, na wenzako wanakungojea. Mtu akisema peke yake, “Kuanzia kesho nitatembea,” kesho hiyo haifiki. Akiambiwa, “Tutakuwa langoni saa 4 asubuhi na jina lako tumeliandika,” ataona haya kubaki nyumbani. Nguvu kubwa ya desturi hii ni hiyo, na wala haigharimu fedha.

Kuhusu kiongozi tuna neno la kuongeza. Baba Mtakatifu Pius XI, kabla ya kuwa Papa mwaka 1922, alikuwa padre mpanda milima hodari, kwa jina Achille Ratti. Mwaka 1889 yeye na wenzake walipanda mlima Monte Rosa, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,600, kwa kupitia upande wake wa hatari. Usiku uliwakuta juu karibu na kilele, wakaukesha wakiwa wameketi juu ya mwamba mwembamba kwenye baridi kali, wasithubutu kulala. Walishuka salama. Lakini angalieni: padre huyo, pamoja na ujuzi wake wote, alikwenda na viongozi wenyeji wa milima ile. Yeye mwenyewe, akiwa Papa, mwaka 1923 alimtangaza Mtakatifu Bernardo wa Menthon kuwa msimamizi wa wapanda milima. Basi asiwepo mtu wa kusema kwamba kutafuta kiongozi ni woga.

Mwili unapata nini?

Misuli ya miguu ndiyo mikubwa kuliko yote mwilini. Inapofanya kazi huichukua sukari iliyomo katika damu na kuitumia, hata kwa mgonjwa wa kisukari ambaye insulini yake haifanyi kazi vizuri. Ndiyo maana mganga humwambia atembee kidogo baada ya kula. Mishipa ya damu nayo hulegea na kupanuka, na kwa mtu anayetembea mara kwa mara shinikizo la damu hushuka. Ugonjwa huu wa shinikizo hauna adabu ya kubisha hodi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima walio nao hawajui kama wanao. Wengi huujua siku mkono mmoja unapokufa ganzi na mdomo kwenda upande.

Shirika hilohilo linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa muda usiopungua dakika 150 kila juma. Kwa hesabu rahisi ni nusu saa kwa siku tano. Watoto wanahitaji zaidi, saa moja kila siku, jambo ambalo mtoto wa kijijini hulitimiza kwa kucheza tu, ila mtoto wa mjini aliyekaa mbele ya televisheni tangu asubuhi halipati. Utajuaje kwamba mwendo wako ni wa kadiri? Ukiweza kuzungumza na mwenzako lakini usiweze kuimba, huo ndio mwendo. Ukiweza kuimba, ongeza. Ukishindwa kuzungumza, punguza.

Hatusemi kwamba matembezi ya siku moja yanaponya kitu. Hayaponyi. Faida yake ni kwamba yanafungua mlango, na mtu akiisha kuona kuwa anaweza kutembea kilometa mbili asife, tarehe 2 anaweza kurudia.

Kwa ndugu zetu walio kwenye baridi

Familia nyingi katika parokia zetu zina watoto au ndugu huko ng’ambo, wengine katika majimbo yenye theluji kama Massachusetts, Maine na Minnesota. Wengi wao hulalamika kwamba miezi ya baridi huwafungia ndani, wakanenepa na kuwa na huzuni. Wapelekeeni maneno haya.

Baridi huibana mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, ili joto lisitoke. Kwa sababu hiyo shinikizo hupanda, na moyo hufanya kazi zaidi. Mwenye ugonjwa wa moyo asitoke bila kumwuliza daktari wake. Mwenye pumu afunike mdomo na pua kwa skafu, maana hewa kavu yenye baridi huweza kubana njia za pumzi.

Nguo zivaliwe kwa tabaka, nyepesi ndani, ya sufu katikati, na ya kuzuia upepo juu. Fulana ya pamba isikae juu ya ngozi, kwa kuwa pamba ikiloa jasho hukaa na maji, na maji hayo yanapoza mwili haraka. Mtu aanze safari akisikia baridi kidogo. Akianza akiwa na joto, baada ya dakika kumi atakuwa amelowa. Kofia, glavu na soksi za sufu ni lazima. Penye barafu wenyeji hufunga chini ya viatu vyuma vidogo vyenye meno, wasiteleze. Maji ya kunywa yachukuliwe, ingawa kiu haisikiki, na chai ya moto katika chupa ni furaha ya watu wote.

Mtu akianza kutetemeka sana, akawa anajikwaa na maneno yake hayaeleweki, joto la mwili wake limeshuka mno. Aondolewe kwenye upepo, avuliwe nguo zilizoloa, afunikwe, na msaada uitwe upesi. Asipewe pombe! Pombe hufungua mishipa ya ngozi. Mtu husikia joto, kumbe joto lenyewe ndilo linalomtoka. Aliyekunywa sana usiku wa mkesha naye afadhali abaki nyumbani.

Je, na sisi huku?

Kuna watakaosema kwamba kutembea ni jambo la Wazungu wenye magari, sisi tunatembea kila siku. Ni kweli kwa wengine wetu. Mama anayekwenda kilometa tatu kuchota maji na kurudi na ndoo kichwani hahitaji makala haya, anahitaji bomba. Lakini yuko pia karani anayekaa kuanzia saa 2 hadi jioni, mwenye duka asiyeondoka kwenye kiti chake, kijana asiyekwenda dukani bila bodaboda, na sisi waandishi pia. Tena kutembea kwa pamoja si kitu kigeni kwetu. Kila mwaka waamini hutembea kwa siku nyingi kwenda Namugongo, Uganda, kwa ajili ya sikukuu ya Mashahidi ya tarehe 3 Juni, wengine wakitoka hata Kenya na Tanzania.

Tarehe 1 Januari inatufaa sana. Ni Sherehe ya Bikira Maria Mama wa Mungu, na tangu mwaka 1968 ni Siku ya Kuombea Amani Duniani. Watu wamekwisha kukusanyika kwa Misa. Jumuiya ndogondogo inaweza kuondoka kanisani hapohapo. Aliyekosa tarehe 1 achukue Jumapili yoyote ya mwezi huu.

Sisi tulijaribu mwaka mmoja, na tukakosea. Tuliondoka baada ya Misa watu kama arobaini, vijana wakiwa mbele wanaimba, na mwendo ukawa wa kwao. Tulikwenda kwenye kilima kilicho nyuma ya parokia, jua limekwisha kupanda. Karibu na juu, katekista wetu mmoja aliketi ghafla juu ya jiwe. Uso ulikuwa umebadilika rangi, jasho linamtiririka, anasema kichwa kinagonga. Tulipomwuliza tukasikia kwamba ana shinikizo la damu tangu zamani, na asubuhi ile hakumeza vidonge kwa kuharakia kanisani. Wala hakuwa amekunywa maji. Tulimkalisha kivulini, tukampa maji kidogo kidogo, tukakodi gari la kumpeleka zahanati. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini njia nzima ya kurudi hakuna aliyeimba.

Tangu siku ile tunaanza kwa kuuliza. Nani anatumia dawa, na je, amezimeza? Nani ana kisukari? Huyo awe amekula, awe na soda au pipi mfukoni, na mwenzake ajue, kwa sababu sukari ikishuka mtu huweza kuonekana kama mlevi. Viatu vyake vikaguliwe ndani kabla ya kuvaa, maana kijiwe asichokisikia kinaweza kumletea kidonda cha miezi. Jioni azitazame nyayo. Mama mjamzito aliye mzima anaweza kutembea, ila achukue njia ya tambarare. Mtu yeyote akisikia maumivu ya kifua yanayokwenda begani au tayani, au pumzi ikikatika, asijikaze kiume. Asimame, na apelekwe hospitali.

Tunaondoka mapema, mara tu baada ya Misa ya kwanza, kwa kuwa Januari jua la huku linaumiza kama baridi inavyoumiza kule. Kila mtu anabeba chupa yake ya maji. Safari ni nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, na wachovu wana ruhusa ya kugeuka njiani wakiwa wawili wawili.

Jambo la mwisho tumelichukua kwa viongozi wa matembezi wa huko Marekani. Anayetangulia mbele haruhusiwi kumpita mtu wa polepole kuliko wote kwa mwendo, na nyuma kabisa hutembea kiongozi wa pili ambaye hampiti mtu yeyote. Majina huandikwa wakati wa kuondoka na kuhesabiwa wakati wa kurudi. Mwaka uliofuata tulihesabu tukakuta tumepungukiwa mmoja, tukashtuka, vijana wakarudi mbio kilimani. Walimkuta nusu ya njia na kiongozi wa nyuma. Alikuwa katekista yuleyule, anakuja kwa mwendo wake, chupa ya maji mkononi.