Miti ya Matunda Nyuma ya Nyumba
Huko Shirere, karibu na mji wa Kakamega, mashamba ni madogo lakini mvua haina uchoyo. Jamaa yenye nafasi nyuma ya nyumba na ipande miparachichi. Shimo liwe futi 2 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza. Mche uliobebeshwa huzaa baada ya miaka 3 au 4. Wa mbegu hukawia mno.

Lakini ni nani atakayeutia mche shimoni? Katika miaka ya 1980 watafiti walikuta Kakamega mwiko wa kale: mwanamke akipanda mti, atakuwa tasa, au mumewe atakufa. Mti ulikuwa alama ya mwenye ardhi. Nadhani mwiko ulilinda mipaka kuliko uhai wa waume. Wakati wa kiangazi, mwenye kuteka maji ya kumwagilia mche huo ni mama.