Viuatilifu huishia wapi vinapotoka shambani? Funzo kutoka Delta ya Rufiji

Mvua kubwa inaponyesha juu ya mashamba ya Kibiti, maji yanayotiririka hubeba udongo, mbolea na mabaki ya viuatilifu kuelekea Mto Rufiji, kisha baharini. Njiani hupita katika delta yenye msitu wa mikoko unaokadiriwa kuzidi hekta 50,000, ambao ni mazalia na makuzi ya kambamiti, kaa na samaki. Mwaka 2004 ukanda wa Rufiji, Mafia na Kilwa uliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Katika delta hiyo mpunga hulimwa jirani na mikoko. Kaa hukata miche michanga na magugu huota kwa kasi, hivyo baadhi ya wakulima hutumia viuatilifu. Ni muhimu, kwa hiyo, kufahamu kinachotokea baada ya kupulizia.

Viuatilifu huvunjika kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni maji yenyewe, ambayo hukata viungo vya kikemikali. Malathioni, kwa mfano, huvunjika haraka zaidi katika maji yenye tabia ya magadi, kama ya bahari, kuliko katika maji yenye tindikali. Ya pili ni mwanga wa jua, ambao hufanya kazi vizuri katika maji maangavu. Maji ya mafuriko yaliyojaa tope huuzuia usipenye. Ya tatu ni bakteria na kuvu, ambao hutumia kemikali hizo kama chakula. Kiuagugu cha 2,4-D huondolewa zaidi kwa njia hii, lakini kazi hiyo hupungua kasi pale ambapo hewa ya oksijeni ni haba.

Kasi ya uvunjikaji hupimwa kwa muda ambao kiasi kilichopo hupungua hadi nusu. Iwapo muda huo ni siku 10, gramu 100 zitabaki 50 baada ya siku 10, 25 baada ya siku 20 na 12.5 baada ya siku 30. Mvua ikinyesha siku ya pili tu, takriban gramu 87 zingali shambani, tayari kusombwa. Hii ndiyo sababu wakulima hushauriwa kutopulizia pale mvua inapotarajiwa.

Hata hivyo, kuvunjika si sawa na kuisha kwa sumu. Malathioni inaweza kugeuka kuwa malaoksoni, ambayo ni kali kuliko yenyewe. DDT, ambayo Mkataba wa Stockholm hairuhusu itumike katika kilimo, hubadilika kuwa DDE, kemikali inayodumu kwa miaka na kujikusanya katika mafuta ya viumbe. Viuatilifu vya jamii ya pairethroidi navyo hunata kwenye tope. Maji yanaweza kuonekana safi ilhali matope ya mikoko, wanamoishi kaa na kamba, yamebeba sumu hiyo.

Wakulima na wavuvi wanaweza kupunguza athari hizo kwa kuzingatia yafuatayo:

- Kutumia viuatilifu vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) na kufuata kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko.
- Kuacha ukanda wa nyasi au miti kati ya shamba na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na ufukwe wa bahari.
- Kutoosha bomba la kupulizia wala kutupa makopo mtoni.
- Kutotumia sumu kuvua samaki, kitendo kilichokatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003.

Mkulima asiye na uhakika na dawa aliyouziwa anashauriwa kumwona afisa ugani wa kata yake kabla ya kuifungua. Kinachozuiwa kutoka shambani leo hakitahitaji kusubiriwa miaka kiishe katika matope ya delta.