Mabano katika Fomula za Kemia

Mfasiri akutanaye na maneno "salfeti ya aluminiamu", ile dawa itumiwayo kusafishia maji ya mabomba, hulazimika mara nyingine kuiandika fomula yake mwenyewe. Hapo ndipo sarufi yetu inapoweza kumpoteza. Kiswahili hutanguliza salfeti, kwa kuwa ndiyo nomino kuu, na aluminiamu hufuata baada ya "ya". Fomula hutanguliza aluminiamu, yaani ioni yenye chaji chanya. Baadhi ya waandishi huikwepa taabu hii kwa kuandika "aluminiamu salfeti". Kwa maoni yetu, huko ni kuuvunja mpango wa Kiswahili kwa faida ndogo. Ni afadhali kuufundisha mgeuko huo na kuuzoea.

Salfeti si atomu moja bali ni kundi: salfa moja na oksijeni nne, zilizoshikamana na kubeba kwa pamoja chaji hasi mbili. Kundi la namna hii huitwa ioni ya atomu nyingi, ingawa haidroksaidi ina atomu mbili tu, na neno "nyingi" humshangaza mwanafunzi. Istilahi "ioni kundi" ingetufaa zaidi.

Aluminiamu ina chaji chanya tatu. Ili chaji zilingane, yatakiwa aluminiamu mbili (chanya sita) kwa salfeti tatu (hasi sita): Al₂(SO₄)₃. Mabano hueleza kwamba ile 3 ya chini huzidisha kundi zima. Mpiga chapa akiyaacha, hubaki Al₂SO₄₃, na msomaji atahesabu oksijeni 43 badala ya 12. Kundi likiwa moja tu, mabano hayahitajiki: CaCO₃, NaOH. Lakini chokaa iliyozimwa ni Ca(OH)₂, na mbolea ya salfeti ya amoniamu ni (NH₄)₂SO₄, ambamo kundi lililofungwa ni lile la chanya.

Hatari kubwa zaidi imo katika irabu. Naitreti ni NO₃, naitraiti ni NO₂, na zote zina chaji hasi moja. Kwa hiyo NaNO₃ na NaNO₂ zimelingana barabara, wala hesabu ya chaji haitamfichua mfasiri aliyeyachanganya majina; na naitraiti ya sodiamu ni sumu kali kuliko naitreti. Ndivyo zilivyo pia salfeti (SO₄) na salfaiti (SO₃), zenye chaji hasi mbili kila moja. Mahali kama hapo fomula ya matini asilia inakiliwe herufi kwa herufi, na jina la Kiswahili litolewe katika fomula hiyo, si katika neno la kigeni lililosomwa kwa haraka.