Kufunga Baraza kwa Alumini na Kioo: Mambo ya Kuandikiana na Fundi Kabla ya Malipo

Katika mitaa ya Shinyanga, Kahama, Katoro na Geita, nyumba nyingi zilizojengwa zikiwa na baraza la wazi sasa zinafungwa kwa fremu za alumini na vioo. Sababu zinafahamika. Vumbi la kiangazi haliachi kiti wala meza, wezi hawana huruma, na familia inayokua huhitaji sehemu ya ziada ya kukaa bila kuchimba msingi mpya. Kazi yenyewe huonekana nyepesi kwa kuwa sakafu ipo, nguzo zipo na paa lipo. Hata hivyo, mlaji anapaswa kuitazama kama ununuzi wa aina ya pekee, kwa maana siku anayolipa, bidhaa anayoinunua bado haijatengenezwa. Hawezi kuigusa wala kuilinganisha na nyingine dukani. Kilichopo mbele yake ni maneno ya fundi na, endapo amekuwa makini, karatasi ya makubaliano. Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali, lakini kuyathibitisha baada ya ugomvi ni kazi ngumu.

Jambo la kwanza la kuandikwa ni vipimo. Bei hutajwa ama kwa mita ya mraba au kwa futi ya mraba, na mita moja ya mraba ni sawa na futi za mraba 10.76. Nafasi yenye upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.4 ina eneo la mita za mraba 7.2, yaani takriban futi za mraba 77.5. Fundi akiikadiria kuwa futi 10 kwa 8, mlaji atatozwa futi za mraba 80. Kwa nafasi moja tofauti hiyo ni ndogo. Kwa baraza lenye nafasi nne, mlaji amelipia futi za mraba 10 zisizokuwepo. Pimeni pamoja, andikeni kipimo cha kila nafasi, kisha ulizeni bei inajumuisha nini: wavu wa mbu, vitasa, silikoni, usafiri kutoka Mwanza, ufungaji, na Kodi ya Ongezeko la Thamani pale inapotozwa. Wavu wa mbu usiachwe uwe nyongeza ya baadaye, kwa kuwa Shinyanga na Geita ni miongoni mwa mikoa inayosumbuliwa sana na malaria.

Jambo la pili ni unene wa alumini, na hapa ndipo walaji wengi hupunjwa bila kujua. Vipande virefu vya alumini, ambavyo mafundi huviita profaili, vinaweza kufanana kwa rangi, umbo na mng'aro ilhali kimoja kina unene wa milimita 1.0 na kingine milimita 1.4. Cha pili kina unene zaidi kwa asilimia 40, na bei yake haiwezi kuwa sawa na ya cha kwanza. Jicho halitambui tofauti hiyo. Kifaa cha kupimia unene kiitwacho kalipa huitambua mara moja. Mwombe fundi akupe kipande kifupi cha profaili atakayoitumia, nyote wawili mkiandikie sahihi kwa wino usiofutika, nawe ukihifadhi. Fremu zitakapoletwa, linganisha. Fundi mwaminifu hatakasirishwa na ombi hilo.

Kioo nacho kitajwe kwa unene na kwa aina. Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha kali. Kioo kilichoimarishwa kwa joto, ambacho mafundi hukiita tempa, husambaratika kuwa chembe ndogo zisizo na makali kama hayo. Kwa milango, na kwa vioo vinavyoshuka hadi karibu na sakafu mahali watoto wanapokimbia, tempa si anasa. Ikumbukwe kwamba kioo hicho hakikatwi baada ya kuimarishwa. Fundi anayekata kioo mbele yako huku akikiita tempa hasemi kweli.

Yapo pia mambo ambayo hayategemei fundi bali ardhi. Wasukuma wametofautisha udongo wao kwa majina tangu zamani: luseni ni ya kichanga, na mbuga ni udongo mweusi wa bondeni. Udongo wa mbuga huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na nyumba iliyo juu yake husogea pamoja nao. Ukuta wa tofali unaweza kuvumilia ufa mdogo. Kioo hakivumilii kupindwa. Baraza lililoongezwa baada ya nyumba kukamilika mara nyingi lina msingi mfupi zaidi, na huweza kusogea tofauti na nyumba yenyewe. Ukiona ufa mahali baraza linapokutana na nyumba, weka alama ya kalamu mwisho wa ufa huo, andika tarehe, na usubiri msimu mmoja wa mvua kabla ya kuagiza chochote. Wanaoishi karibu na migodi inayolipua miamba wapige picha za nyufa zote kabla ya kazi kuanza, ili baadaye isiwepo hoja ya nani alisababisha nini.

Alumini yenyewe pia hutanuka. Kipande cha mita 3 kikitoka kwenye baridi ya alfajiri ya nyuzi 15 hadi nyuzi 55 juani, hurefuka kwa karibu milimita 3. Kwa hiyo fremu haipaswi kubanwa ukutani kwa saruji. Huachiwa upenyo mwembamba unaojazwa silikoni. Saruji mbichi, zaidi ya hayo, hula uso wa alumini na kuacha madoa yasiyotoka. Utepe wa plastiki unaofunika profaili ubaki hadi lipu ikamilike, kisha uondolewe bila kukawia, kwani ukichomwa na jua kwa miezi huganda.

Chumba cha kioo cha namna hii kilipendwa Uingereza na nchi nyingine za baridi kwa sababu hunasa joto la jua. Shinyanga na Geita ziko pungufu ya nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, na joto si kitu tunachokitafuta. Baraza linalotazama magharibi likifungwa kwa kioo kitupu halitakalika alasiri. Dirisha la kusukuma lenye vioo viwili hufunguka nusu tu ya eneo lake. La bawaba hufunguka lote. Andikeni ni madirisha mangapi yatakuwa ya aina ipi, na matundu ya hewa ya juu yatakaa wapi.

Suala la hewa linahitaji uzito wa pekee. Baraza la wazi ndipo familia nyingi hupikia kwa jiko la mkaa mvua inaponyesha. Likishafungwa, moshi na gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, hubaki ndani na kuingia vyumbani kupitia madirisha ya zamani yanayofungukia barazani. Jiko na jenereta vihamishiwe nje siku ileile fremu zinapofungwa. Kwa wachimbaji wadogo na wanunuzi wa dhahabu onyo ni kali zaidi: zebaki isichomwe nyumbani kabisa, na ndani ya baraza lililofungwa mvuke wake huwafikia hata watoto. Mvuke huo hudhuru ubongo na figo, na hauonekani.

Kabla ya kuvunja ukuta, kuongeza nguzo au kurefusha paa, uliza katika halmashauri yako kama kibali cha ujenzi kinahitajika.

Sasa malipo. Katika ukanda wa dhahabu fedha mara nyingi huja kwa mkupuo, na mtu ambaye duara lake limetema huona ni busara kumlipa fundi zote kabla hazijapata matumizi mengine. Nia ni njema, lakini anayelipa zote mwanzoni amejivua nguvu aliyokuwa nayo. Fundi naye ni binadamu. Akisikia rashi mpya kwingine, huenda akafunga karakana na kuifuata. Gawanyeni malipo kwa hatua zinazoonekana: sehemu baada ya vipimo kusainiwa, sehemu fremu zinapofika nyumbani na kulinganishwa na kipande cha mfano, sehemu baada ya kufunga, na kiasi cha mwisho baada ya jaribio la maji. Njia iliyo salama zaidi ni mlaji kununua alumini na vioo mwenyewe, kwa risiti ya EFD yenye jina lake, na kumlipa fundi ufundi tu.

Jaribio la maji ni rahisi. Funga madirisha yote, mwagia maji kwa mpira kutoka nje kwa dakika kadhaa, kisha kagua ndani. Reli ya chini iwe na matundu ya kutolea maji. Yasipokuwepo, mvua za Novemba zitaingia sebuleni.

Kazi ikienda kombo, mwandikie fundi kwanza, ukitaja kasoro na siku unazompa kurekebisha. Asipofanya hivyo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa au huduma, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani (FCC). Shaka ya ubora wa bidhaa yenyewe hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania, na shaka ya vipimo hupelekwa Wakala wa Vipimo. Anayedai kurudishiwa fedha anaweza kufungua madai katika Mahakama ya Mwanzo. Kokote uendako, peleka nakala za makubaliano, risiti, ujumbe wa malipo ya simu na picha, na nyaraka halisi zibaki kwako pamoja na kile kipande cha profaili chenye sahihi mbili.