SIRI ZAKO ZIKO KWA KIJANA WA STESHENARI!

Leo naomba tuziweke kando kidogo habari za mapenzi na mitindo ya nguo, tuzungumzie kitu ambacho kinawaumbua vijana wengi wa mjini kimyakimya. Si kingine, ni kompyuta.

Najua umeshaanza kucheka. Unasema moyoni, "Huyu naye vipi? Simu yangu naichezea hata nikiwa nimefumba macho, leo aje kunifundisha kompyuta?" Sawa bwana. Lakini hebu nenda steshenari ya jirani na kwenu, hasa zile siku ambazo nafasi za kazi zimetangazwa au watu wanahangaikia mkopo wa chuo, ukae kwenye benchi nusu saa tu. Mimi nimekaa. Utawaona vijana wamependeza, simu kali mkononi, wamepanga foleni ili mtu mmoja awaandikie barua, awajazie fomu, awafungulie imeili na awachagulie paswedi! Kazi yao wao ni kutaja jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya NIDA kwa sauti, huku foleni nzima inasikiliza.

Siku hiyo aliingia dada mmoja anahema. Alikuwa anamtafuta kijana aliyemfungulia akaunti ya kuombea kazi mwaka uliotangulia. Akaambiwa kijana ameshahama, yuko mkoani, na simu yake haipatikani. Imeili alifungua yeye, paswedi anaijua yeye, na hata namba ya simu iliyowekwa kwenye imeili ile ni yake yeye! Dada wa watu ana digrii, ana vyeti vyote kwenye bahasha ya kaki, lakini mlango wa kuingia kwenye maombi yake mwenyewe umefungwa, na ufunguo kaondoka nao mtu ambaye hata jina lake la pili halijui.

Simlaumu kijana. Wateja wako kumi mgongoni, imeili inadai namba ya simu, mteja mwenyewe anababaika, basi anaweka ya kwake ili kazi iende. Tatizo ni sisi tunaokaa upande wa pili wa meza tukiangalia feni.

Maana siku hizi hakuna pa kukwepea. Kazi za serikali unaombea kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Mkopo wa HESLB nao unaombwa kwa mtandao. Ukisahau paswedi ya mifumo ya namna hii, njia ya kuirudisha kwa kawaida inapitia kwenye imeili yako. Kwa hiyo mwenye imeili ndiye mwenye kila kitu, hata kama cheti kina jina lako!

Na kama unaiogopa mashine hii, usijione wa ajabu. Kompyuta ya kwanza hapa Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, halafu mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Nchi nzima iliwahi kuisusa, sembuse wewe!

Haya, tuanze. Mausi usiikabe kama unamkaba mwizi. Iwekee kiganja juu, taratibu, ule mshale kwenye kioo utakufuata. Kidole cha shahada kinakaa kitufe cha kushoto, na kazi karibu zote ni za huyo. Kubonyeza mara moja ni kuchagua, mara mbili harakaharaka bila kusogeza mkono ni kufungua. Wageni wengi wanashindwa hapo kwenye mara mbili, wanabonyeza huku mkono unatembea. Kitufe cha kulia chenyewe kinakuletea orodha ya vitu unavyoweza kufanya. Ukipotea, bonyeza kulia usome. Haiumi.

Kibodi nayo inatisha kwa wingi wa vitufe tu. Pitisha kidole kwenye herufi F na J, utasikia kijinundu kwenye kila moja. Hapo ndipo vidole vya shahada vinapotakiwa kupumzika, ili mtu aandike bila kuchungulia. Usijali kama mwanzoni unadonoa kwa kidole kimoja kama kuku, kasi itakuja. Kitu cha kuangalia ni Caps Lock. Ikiwaka, herufi zote zinakuwa kubwa, na paswedi yako sahihi kabisa itakataliwa mpaka uanze kumshuku mchawi. Ile @ ya kwenye imeili, katika kibodi nyingi za kwetu imekaa juu ya namba 2. Shikilia Shift, bonyeza 2, kwisha habari.

Sasa sogea karibu, hapa ndipo watu wanapolia. Kompyuta ina meza na ina kabati. Unapoandika barua, maneno yako yako mezani, na ile meza inashikiliwa na umeme. TANESCO wakikata, meza inafutwa! Ukurasa wako wa tatu unakwenda na maji. Programu nyingine zinajitahidi kukuokolea kidogo, lakini usiziwekee dhamana. Laptopu yenye betri nzima itakustahimilia, ila ile kubwa ya mezani isiyo na UPS haina huruma. Dawa yake ni kushikilia Ctrl na kubonyeza S. Hapo unachukua kilichopo mezani unakiweka kabatini, na kabati halijali umeme. Fanya hivyo kila baada ya aya, mpaka vidole vizoee vyenyewe.

Mara ya kwanza itakuuliza jina la faili na pa kuliweka. Usiiache na lile jina la Document1, kwani kompyuta ya steshenari ina Document1 za watu chungu nzima. Andika jina lako na kazi yenyewe, halafu angalia ni folda gani unaiweka. Folda ni kama bahasha yako ya kaki, tofauti yake hii haichaniki.

Ukikosea kitu, Ctrl na Z inarudisha nyuma. (Laiti mapenzi nayo yangekuwa na Ctrl na Z, wapo ambao wangeibonyeza mpaka kitufe kichubuke!) Ctrl na C inanakili, Ctrl na V inabandika, Ctrl na P inapeleka kwenye printa. Kwa kuanzia zinakutosha hizo. Usidanganyike kukimbilia kozi ya programu nane na cheti chenye mhuri wakati bado hujui faili lako limelala wapi.

Ukimaliza, jitumie faili kwenye imeili yako, kisha lifute pale na pipa la takataka nalo ulimwage. Flashi ni nzuri, ila katika mashine za watu wengi huambukizwa virusi, unafika nyumbani unakuta mafaili yako yamegeuka njia za mkato zisizofungua chochote.

Turudi kwenye ufunguo wa dada yetu. Imeili fungua mwenyewe, hata kwa simu yako. Weka namba yako wewe, ambayo huna mpango wa kuitupa. Paswedi isiwe jina la mpenzi wala mwaka wa kuzaliwa. Chukua maneno manne yasiyohusiana, mfano embe, daraja, soksi na mbuzi. Basi usije ukachukua hayohayo, gazeti hili linasomwa na wengi! Kisha washa ule ulinzi wa hatua mbili, ili mtu akiiba paswedi bado adaiwe namba inayokuja kwenye simu yako.

Steshenari ukienda, mwambie kijana kwa heshima, "Kaka, naomba nipishe niandike mwenyewe." Kama wanatumia Chrome, bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Linafunguka dirisha jeusi ambalo ukilifunga halibakizi kurasa ulizopitia wala halikuachi ndani ya akaunti. Si kinga ya kila kitu, mashine yenye programu ya wizi itakuibia tu, lakini mteja anayefuata hatajikuta yuko kwenye imeili yako. Kompyuta ikikuuliza kama ikutunzie paswedi, kataa katakata. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022, ila sheria haiwezi kukuandikia paswedi.

Huna kompyuta ya kujifunzia? Simu nyingi za Android ukizichomekea kiwaya cha OTG zinapokea mausi na kibodi za kawaida. Azima kwa mtu, kaa sebuleni, andika barua ya maombi ya kazi hata ya uongo mara tano. Ukitoka hapo, nenda ukalipie mashine nusu saa uiandike ya kweli.

Na wewe ambaye umeshafunguliwa imeili na mtu, usisubiri nafasi zitangazwe. Leo hii, wakati bado unaweza kuingia, badilisha paswedi, angalia namba ya simu iliyowekwa ni ya nani, weka yako. Kama ni ya Google, nenda kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya usalama, utakuta orodha ya vifaa vyote vilivyo ndani ya akaunti yako. Ukikuta mashine usiyoijua, iondoe papo hapo, hata kama ni ya yule kijana mpole aliyekupunguzia bei ya kuprinti.