Siku ya Tamthilia Nairobi Hupangwa Kuanzia Mwisho

Robo saa ya mwisho ya mchezo wa Jumamosi jioni, sisi tunaosimama kando ya jukwaa huanza kuona mwanga wa simu ukimulika nyuso kwenye viti vya nyuma. Si kwamba watu wamechoshwa, kwa maana dakika mbili nyuma walikuwa wakiangua kicheko. Ni kwamba mtu amekumbuka kuwa anaishi Kitengela, kuwa nje giza limeshaingia, na kuwa hajui atarudije. Tamthilia inafika kwenye kilele chake, nayo akili yake imeshatangulia steji ya matatu.

Kwa hiyo yeyote anayetaka kwenda mjini kutazama mchezo wa kuigiza, na kuifanya siku nzima iwe ya matembezi, namshauri aanze kupanga kutoka mwisho. Kwanza aamue atarudi nyumbani vipi. Baada ya hapo achague saa ya mchezo, kisha chakula, kisha mchana. Asubuhi iwe ya mwisho kufikiriwa. Wengi hufanya kinyume. Asubuhi huijaza shughuli hadi pomoni, na ule mchezo waliokwisha kuulipia wanaupelekea mwili uliochoka na miguu inayowaka moto.

Nitachukua mfano wa Kenya National Theatre, kwa sababu ndio ukumbi wa kuigizia unaojulikana zaidi Nairobi, na kwa sababu mtaa wake wenyewe unatosha kuwa matembezi ya alasiri nzima.

Tuanze na jua. Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, hivyo mwaka mzima jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, likiwahi kidogo Novemba na kuchelewa kidogo Februari. Makundi mengi ya maigizo huonyesha Ijumaa jioni, halafu Jumamosi na Jumapili mara mbili kwa siku, alasiri na jioni. Saa zilizozoeleka ni saa tisa na saa kumi na mbili na nusu. Maana yake, mtazamaji wa jioni huingia ukumbini kukiwa na mwanga na kutoka usiku, ilhali wa alasiri hutoka jua likiwa bado lipo na matatu zikiwa bado zinashindana kuita abiria. Kama una watoto, au unakaa mbali, au ndiyo mara yako ya kwanza, chukua ya saa tisa bila kusita. Nisifiche lakini kwamba ya jioni ndiyo tamu zaidi. Ukumbi hujaa, kicheko huambukizana kutoka safu hadi safu, na waigizaji waliokwisha kupasha moto alasiri huwa wamejua ni mzaha upi unaopokelewa na upi wa kupitwa haraka.

Ukichagua jioni, basi suala la kurudi lisiachwe kwa Mungu pekee. Ukumbi hauko mbali na steji za katikati ya jiji, ila usiku hiyo si njia ya kutembea peke yako huku umeshika simu mkononi. Wanaoelekea upande mmoja wakiwa watatu au wanne wachangie teksi. Iite baada ya makofi ukiwa ungali ndani ya ua wa ukumbi, usome namba ya gari, ndipo utoke. Mvua ikinyesha nauli hupanda na magari huadimika, kwa hiyo Aprili na Novemba jiongezee muda. Na hata mchana ukiwa wa jua kali beba sweta, hasa kati ya Juni na Agosti. Jiji hili liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mgeni kutoka Mombasa huligundua hilo akiwa amesimama langoni saa tatu usiku na shati la mikono mifupi.

Sasa saa ya kufika. Tiketi ikisema saa kumi na mbili na nusu, wewe uwe umeketi saa kumi na mbili na robo. Watu hudhani sisi wa nyuma ya pazia tunang'ang'ania jambo hili kwa ukali wa kiofisi tu. Hebu nikuonyeshe kinachoendelea huko. Kiasi cha nusu saa kabla ya mchezo, msimamizi wa jukwaa huwa ameshawatangazia waigizaji muda uliobaki. Kando ya jukwaa kuna meza iliyogawanywa kwa tepu kama ubao wa drafti, kila mraba na kifaa chake: barua ya onyo la mwenye nyumba, kisu cha mbao kilichopakwa rangi ya fedha, chupa ya pombe iliyojazwa maji ya rangi. Mtu mmoja anapita akivigusa kimoja kimoja, kwa sababu barua ikikosekana katika onyesho la tatu, mwigizaji atabaki amenyoosha mkono mtupu mbele ya hadhira. Taa zinajaribiwa. Kisha ukumbi unatiwa giza.

Giza hilo lina kazi. Jicho la binadamu huchukua muda kulizoea. Kulizoea sawasawa kunahitaji dakika ishirini au zaidi, na hapo katikati tochi ya simu ya mtu anayetafuta kiti chake inatosha kuwarudisha majirani zake wote mwanzo. Tena dakika za kwanza ndizo mwandishi anazozitumia kukujuza nani ni mtoto wa nani na nani anamdai nani. Aliyezikosa atamnong'oneza jirani kwa saa nzima. Ukichelewa kwa sababu isiyoepukika, subiri mlangoni hadi taa zibadilike kati ya onyesho moja na jingine, ndipo uingizwe.

Kuhusu kiti, jukwaa la ukumbi huu ni lile la kizamani lenye fremu, yaani mfano wa dirisha kubwa ukutani, na hadhira yote iko upande mmoja. Ukikaa pembeni kabisa kushoto, ile pembe ya ndani ya jukwaa iliyo upande wako huo huo itafichwa na ukuta wa fremu. Safu ya kwanza kabisa utaona viatu na jasho. Mimi humpeleka mgeni wangu katikati, safu chache nyuma ya ile ya mbele, mahali ambapo uso wa mwigizaji unasomeka na jukwaa zima linaonekana.

Chakula. Hapa ndipo siku nyingi nzuri huharibikia. Nyama choma ya kilo moja saa kumi na moja, kisha kiti laini katika chumba chenye joto na giza: hakuna mwandishi wa tamthilia anayeweza kushindana na hilo. Kula saa mbili au tatu kabla ya mchezo. Kwa mtazamaji wa jioni nina pendekezo moja nisilolibadilisha, nalo ni samaki wa City Market, soko la miaka ya 1930 lililo Mtaa wa Muindi Mbingu. Ukishapita wauza maua na vinyago, fuata harufu ya mafuta hadi kwenye vibanda vya samaki. Tilapia mzima hukaangwa hadi mapezi yanavunjika kama kaukau, akaja na ugali, sukuma wiki na kachumbari, nawe unanawa na kumshughulikia kwa vidole. Saa tisa na nusu ni wakati mzuri. Msongamano wa mlo wa mchana umepungua na una nafasi ya kutembea kabla ya kuketi tena.

Kutoka hapo hadi ukumbini ni kama robo saa kwa miguu, na usiende haraka. Utapita Jeevanjee Gardens, bustani waliyopewa wakazi wa Nairobi na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mnamo 1991 palikuwa na mpango wa kuichimba na kuijenga, na mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza kampeni iliyouzuia. Leo hapo utawakuta wahubiri, wabishi wa siasa, wapiga picha na watu waliolala tu kwenye nyasi. Simama kidogo umsikilize mhubiri mmoja. Anajua kuishika hadhira ambayo haikulipa kiingilio na inaweza kuondoka wakati wowote, na hilo ni somo kwa mwigizaji yeyote.

Vuka University Way uingie Barabara ya Harry Thuku. Sijui barabara nyingine fupi Kenya iliyobeba mambo kama hii. Machi 1922 umati ulikusanyika hapa karibu, kwenye kituo cha polisi alikofungiwa Harry Thuku, mpinzani wa utawala wa kikoloni, kudai aachiliwe. Wanaume walipoanza kusita, Mary Muthoni Nyanjiru alipandisha vazi lake kuwatia aibu na kuwaambia wampe yeye suruali zao. Polisi wakafyatua risasi, na walowezi waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk wakajiunga nao. Watu wasiopungua 21 waliuawa, Nyanjiru akiwemo.

Hoteli hiyo, iliyofunguliwa 1904, inatazamana na ukumbi wetu. Ukumbi wenyewe ulifunguliwa 1952, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, na kwa miaka mingi jukwaa lake lilikuwa la michezo ya Wazungu. Hata baada ya uhuru mambo hayakubadilika upesi. Oktoba 1976 ilipofika zamu ya The Trial of Dedan Kimathi, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, michezo hiyo ilipewa siku chache tu katikati ya maonyesho ya kigeni. Watu walifurika. Ngũgĩ ameandika kuwa usiku wa kwanza wa Kimathi waigizaji walitoka wakiimba kupitia katikati ya hadhira, hadhira ikawafuata kwa ngoma hadi nje, wakaelekea Norfolk, na polisi wakawazuia. Ukisimama kwenye lango la ukumbi leo ukaitazama hoteli ng'ambo ya barabara, utaelewa kwa nini hawakuelekea kwingine.

Mtaa huo huo ndio wenye jengo la redio ya taifa, lililotekwa na wanajeshi wa anga waliojaribu kupindua serikali tarehe 1 Agosti 1982. Walimlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Wasikilizaji wa Kiswahili wanamkumbuka zaidi kwa kipindi chake cha adabu, Je, Huu ni Ungwana?, alichokiendesha kwa miongo kadhaa hadi uzeeni. Natamani angalitenga kipindi kimoja kwa wale wanaopokea simu katikati ya mchezo na kusema, "Niko ukumbini, sema haraka."

Zungukia hayo yote na itakuwa imefika saa kumi na moja na nusu. Ingia uani mapema unywe chai. Ukumbi ulikarabatiwa na kufunguliwa upya 2015, na pembeni kuna Ukumbi Mdogo, ambako makundi machanga hujaribu kazi zao. Angalia matangazo yake, kwa kuwa huenda ukapata sababu ya kurudi.

Imebaki asubuhi, na kwayo nina sheria moja tu: mahali pamoja. Watu hupanga kwenda kuwaona watoto wa tembo Lang'ata, kupanda KICC, kuzuru makumbusho, halafu mchezo. Hiyo ni kazi ya siku tatu. Kwa siku ya tamthilia chagua Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, kwa kuwa yako upande ule ule wa jiji na hufungua saa mbili na nusu asubuhi. Uani kuna sanamu ya Ahmed, tembo wa Marsabit aliyewekewa ulinzi wa pekee kwa amri ya Rais Kenyatta na kufa 1974. Watoto humpenda. Ndani, tafuta mifupa ya mvulana wa Turkana, ambayo kipande chake cha kwanza kiligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Ana umri wa takriban miaka milioni 1.5. Mpe nusu saa nzima. Saa sita mchana ondoka, hata kama kuna vyumba hujavifikia.

Mtazamaji wa saa tisa apunguze zaidi: makumbusho yaishe saa tano, samaki saa sita, na barabara ya Harry Thuku aitembee baada ya mchezo, kukiwa bado na mwanga.

La mwisho ni la upande wetu. Usisubiri kununua tiketi mlangoni. Kundi la maigizo hulipia ukumbi, taa na mabango kabla pazia halijafunguliwa, na mwongozaji anayeona viti vimenunuliwa Jumatano hulala usingizi ambao anayengojea wateja wa mlangoni haupati. Lipa mapema kwa simu, hifadhi ujumbe wa malipo, na asubuhi ya siku yenyewe thibitisha saa kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu saa za maonyesho hubadilishwa.