Bingwa wa Nintendo Switch ni gemu ya zamani

Gemu iliyouzwa kuliko zote kwenye Nintendo Switch haikutengenezwa kwa ajili ya Switch. Mario Kart 8 ilitoka mwaka 2014 kwenye Wii U, mashine iliyododa madukani. Ziliuzwa mashine takriban milioni 13.5 tu dunia nzima. Aprili 2017 gemu hiyo ikatolewa upya kwa jina la Mario Kart 8 Deluxe. Kati ya 2022 na 2023 ikaongezewa njia 48 za mashindano, zikawa 96. Nakala zake zimeshapita milioni 65. Animal Crossing: New Horizons, iliyotoka Machi 2020 watu wakiwa wamejifungia ndani kwa korona, ndiyo ya pili, na imeachwa nyuma kwa zaidi ya nakala milioni 15.

Wapo wanaosema kutoa gemu upya ni kuwauzia watu kiporo. Sikubaliani nao. Kazi nzuri iliyozikwa pamoja na mashine yake ilistahili kufufuliwa. Kinachoudhi ni kama walivyofanya kwa Super Mario 3D All-Stars: gemu tatu za zamani kwenye kadi moja, zikauzwa kuanzia Septemba 2020, kisha Nintendo wenyewe wakasitisha mauzo mwisho wa Machi 2021. Mchezaji alinunua kwa hofu ya kukosa.

Switch ina mabingwa wengine pia. Kwa kasi ya mauzo, hakuna gemu ya mfululizo wa Zelda iliyoifikia Tears of the Kingdom: nakala milioni 10 kwa siku tatu, Mei 2023. Kwa kusubiriwa, gemu ya Metroid Prime 4 ilitangazwa 2017, ikaanzwa upya 2019, ikatoka Desemba 2025. Na kwa uchungu, hasa wa ulimini, ni kadi zenyewe za gemu: zimepakwa dawa chungu ili mtoto akitia kadi mdomoni aiteme.

Switch 2 ilitoka tarehe 5 Juni 2025, zikauzwa milioni 3.5 kwa siku nne. Hakuna mashine ya Nintendo iliyowahi kwenda mbio hivyo. Inacheza gemu nyingi za Switch, jambo la kushukuru. Ila baadhi ya kadi zake mpya hubeba ufunguo tu, gemu yenyewe unaipakua kwenye intaneti. Duka la mtandaoni la Wii U liliacha kuuza Machi 2023. Nalo la Switch 2 halitadumu milele. Kwa hiyo kabla hujalipa, soma maandishi ya chini kwenye uso wa boksi ujue kama gemu imo.